Uso wa Mama Si Shamba la Majaribio

Siku chache zilizopita nilikuwa Kiptere, soko dogo lililo kando ya barabara itokayo Kericho kuelekea Sondu. Nilimkuta mama mmoja ambaye umri wake unakaribia miaka sitini ameketi nje ya duka la jamaa yake, simu mkononi, akitazama picha za wanawake wenye nyuso laini kama ganda la yai. Mama huyu amechuma majani chai tangu usichana wake. Amelea watoto, amezika mume, na vidole vyake vimebeba alama ya kila kikapu alichojaza. Aliponitambua alinikaribisha, akaniagizia chai, kisha akaniuliza swali ambalo nakiri sikulitarajia.

"Mwanangu," alisema, "wewe huandika magazetini. Hebu niambie, hii sindano ya kujaza uso ni salama au itaniua?"

Alinieleza kwamba bintiye mkubwa anafanya kazi Nairobi. Binti huyo amemwahidi kumpeleka kwa mtaalamu wa urembo kabla ya koito ya mdogo wake, yaani siku ambapo wageni wa upande wa mvulana watafika nyumbani kupanga posa na mahari. Mtaalamu huyo, kwa mujibu wa binti, hudunga sindano chache mashavuni na kandokando ya mdomo, na mtu akatoka akiwa amerudishiwa miaka kumi ya ujana. Sehemu ya gharama ingetoka katika bonasi ya majani chai ya mama mwenyewe. Jibu nililompa lilikuwa fupi na la kutia aibu: sikuwa na jibu. Nimerudi mjini, nimesoma, nimetafakari, na makala haya ndiyo jibu langu kwake na kwa wengine walio na swali kama hilo lakini wanaona haya kuliuliza.

Najua wapo wasomaji watakaocheka. Watasema kwamba bibi wa Kiptere ana mambo muhimu zaidi ya kufikiria, na kwamba uzuri wa mkakasi ndani ni kipande cha mti. Mimi sicheki. Katika jamii ya Wakipsigis, kama ilivyo katika jamii nyingi za Kalenjin, zama za mababu mtu alitobolewa masikio na ndewe zikavutwa hadi zikaning'inia, na hiyo ilikuwa alama ya heshima na ukamilifu. Zikaja shule, kanisa na kazi za mjini, na alama ile ile ikaanza kuonewa haya. Wengi walikwenda hospitalini kushonwa ndewe zao, na sijasikia mtu akiwaita wapumbavu. Kila kizazi husoma uso wa mtu kwa macho ya zama zake. Zama za mama huyu ni za simu yenye kamera, inayompiga picha bila kuombwa ruhusa na kuisambaza picha hiyo hadi kwa jamaa walioko ng'ambo kabla chai haijapoa.

Kwa hivyo swali la iwapo mwanamke mzima ana haki ya kutamani uso wake wa zamani si swali letu. Uso ni wake. Swali linalotuhusu sisi sote, na hasa wale tuliowakabidhi dhamana ya afya na biashara katika nchi hii, ni nani anayeishika sindano hiyo, ana nini ndani yake, na atakuwa wapi mambo yakienda kombo.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Uso hauzeeki kwa sababu ngozi imekunjamana tu. Chini ya ngozi mna vifuko vya mafuta ambavyo kadiri miaka inavyosonga hupungua na kushuka. Mifupa ya mataya na ya macho nayo husinyaa, na meno yaking'oka bila kuzibwa mapengo, sehemu ya chini ya uso hubonyea. Ngozi nyeusi ina bahati kwamba rangi yake huikinga dhidi ya jua, hivyo mikunjo midogomidogo huchelewa kujitokeza. Aghalabu uso wa Mwafrika huonyesha umri wake kwa mashavu kubonyea na kivuli kutanda chini ya macho. Huku nyanda za chai, penye mwinuko unaokaribia au kuzidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na karibu kabisa na ikweta, miale ya jua ni mikali kuliko baridi ya asubuhi inavyotudanganya. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mita 1,000 za mwinuko huongeza nguvu ya miale hiyo kwa takriban asilimia 10. Mchumaji chai anayeinamia vichaka tangu alfajiri hadi alasiri hulipa ushuru wa jua ambao haumo katika hati yake ya malipo.

Sindano ya kujaza ngozi hukusudiwa kurudisha kilichopungua. Isichanganywe na ile ya Botox, ambayo hulegeza misuli ili mikunjo ya kipaji cha uso itulie. Ya kujaza hutia kitu chini ya ngozi, na historia yake yapasa kutuzindua. Mwaka 1899 daktari mmoja wa Vienna, Robert Gersuny, alianza kudunga nta ya parafini mwilini mwa wagonjwa ili kurekebisha maumbile. Habari zikaenea, na matajiri wakapanga foleni. Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifiwa kwa uzuri na ambaye baadaye aliolewa na Duke wa Marlborough wa Uingereza, alidungwa nta hiyo katika mwanzi wa pua akiwa bado kijana, mwanzoni mwa karne ya 20. Nta ikahama, ikateremka kuelekea kidevuni, na uso uliokuwa ukisifiwa kote Ulaya ukaharibika kwa maisha yake yote. Baada ya nta ikaja silikoni ya majimaji, ambayo iliwaachia maelfu ya watu uvimbe na vidonda visivyopona. Mwaka 1981 Marekani ikaidhinisha kolajeni iliyotokana na ng'ombe, iliyohitaji mtu apimwe kwanza asije akadhurika kwa mzio.

Hatua ya nafuu ilitokana na uvumbuzi wa mwaka 1934, pale Karl Meyer na John Palmer walipoitenga asidi ya hayaluroniki kutoka katika jicho la ng'ombe. Asidi hii imo hata katika miili yetu, katika ngozi, macho na viungo, na hushika maji. Wanasayansi waliigeuza kuwa jeli, na mwezi Desemba 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ikaidhinisha jeli ya kwanza ya aina hiyo kwa ajili ya mikunjo ya uso, yaani Restylane. Jeli hizi hudumu kwa miezi sita hadi mwaka mmoja na nusu hivi, kisha mwili huzisaga. La muhimu zaidi ni kwamba zina dawa yake. Kimeng'enya kiitwacho hayaluronidasi kikidungwa mahali penye jeli, huiyeyusha. Kati ya vitu vingi vilivyowahi kutiwa usoni mwa binadamu, hiki ni kimojawapo cha vichache ambavyo daktari akikosea anaweza kuvirudisha nyuma.

Basi je, ni salama? Mikononi mwa daktari aliyefunzwa, kwa dawa halisi, kwa mtu mwenye afya, wengi hudungwa na kurudi makwao na uvimbe na michubuko ya siku chache tu. Nisingekuwa mkweli kama ningemtisha mama wa Kiptere kwa kumwambia kila sindano ni kifo. Aidha, nisingekuwa mkweli kama ningenyamazia hatari iliyo kubwa kuliko zote. Uso umejaa mishipa ya damu. Ncha ya sindano ikiingia ndani ya mshipa na jeli ikasukumwa humo, damu huzibwa. Ngozi inayolishwa na mshipa huo huanza kufa. Na kwa kuwa mishipa ya pua na ya katikati ya nyusi imeungana na ile inayolisha macho, jeli yaweza kusukumwa hadi kwenye jicho, na mtu akapofuka pale pale kitini. Hutokea kwa nadra, lakini likishatokea jicho linaweza kupotea katika muda wa saa moja au moja na nusu. Ngozi huvumilia kwa saa kadhaa zaidi.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kuitazama ramani. Kutoka Nairobi hadi Kericho ni mwendo wa zaidi ya kilomita 250, kupitia Nakuru na kupanda hadi Mau Summit. Matatu yenye bahati huchukua saa tano, yenye mikosi huchukua saa saba au zaidi, na kutoka mjini Kericho bado kuna safari ya kufika Kiptere. Tuseme mama amedungwa saa nne asubuhi, akalipa, akapewa glasi ya maji na tabasamu, akapanda gari la saa sita. Maumivu yakianza kumkaza shavu akiwa Gilgil, atadhani ni kawaida. Akifika Kericho usiku, ngozi ikiwa imebadilika rangi na kuwa na mabaka kama marumaru, atamkuta nani mwenye hayaluronidasi mkononi na ujuzi wa kuitumia? Hospitali zetu za kaunti zina kazi ya kuokoa mama wajawazito, watoto wenye malaria na majeruhi wa bodaboda. Sizilaumu zikikosa dawa ya kuyeyusha jeli ya urembo. Lakini aliyemdunga mama huyo na kumwacha aondoke alijua, au alipaswa kujua, kwamba anamtuma mbali na tiba yake.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe hulipita upesi. Dalili ya kwanza ya mshipa kuziba ni ngozi kuwa nyeupe ghafla. Katika ngozi nyeusi weupe huo hauonekani kwa urahisi. Mdungaji makini hubonyeza ngozi kwa kidole na kuhesabu muda damu inaochukua kurudi, naye huuliza juu ya maumivu badala ya kutegemea macho pekee. Isitoshe, ngozi nyeusi ikijeruhiwa huacha madoa meusi kwa urahisi zaidi, na wapo miongoni mwetu ambao kila kidonda chao huota kovu linalovimba na kupita mipaka ya kidonda chenyewe. Mtu wa namna hiyo anapaswa kusema mapema, na anayedunga anapaswa kumwuliza kabla hajafungua pakiti.

Hayo yote ni kwa dawa halisi mikononi mwa mjuzi. Tukishuka ngazi, hali hubadilika kabisa. Mwaka 2017 FDA iliwaonya Wamarekani kuhusu silikoni ya majimaji inayodungwa kubadili maumbile ya mwili, ikieleza kwamba yaweza kusafiri katika damu na kusababisha kiharusi na kifo. Mwaka 2021 ikaonya kuhusu vifaa visivyo na sindano, vinavyosukuma jeli ndani ya ngozi kwa nguvu ya hewa na ambavyo watu hujinunulia na kujitibu nyumbani. Mwezi Aprili 2024 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha nchi hiyo kilichapisha taarifa ya kutisha. Wateja wa nyumba moja ya urembo isiyo na leseni katika jimbo la New Mexico, iliyofungwa mwaka 2018, walikuwa wameambukizwa virusi vya ukimwi, yamkini kupitia huduma ya kuchomwa uso na kupakwa damu yao wenyewe. Sisi tuliozika jamaa zetu kwa sababu ya gonjwa hilo hatuhitaji kukumbushwa sindano chafu hufanya nini. Na kama yametokea Marekani, penye wakaguzi na maabara, tusijidanganye kwamba ukuta wetu ni mrefu zaidi.

Sasa tuje nyumbani. Oktoba 2024 taifa lilishtushwa na kifo cha mwanamke mmoja aliyefariki siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mafuta mwilini katika kliniki moja ya urembo jijini Nairobi. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, liliifunga kliniki hiyo. Huo haukuwa mkasa wa sindano ya uso. Hata hivyo ulitufunulia jambo moja, kwamba biashara ya urembo wa kitabibu imekua haraka kuliko macho ya wanaopaswa kuichunga, na kwamba mara nyingi tunafunga mlango baada ya maiti kutoka.

Si kwamba hatuna sheria. Sheria ya Madaktari, Sura ya 253, inakataza mtu asiyesajiliwa kufanya kazi ya udaktari. Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, imeiweka biashara ya dawa chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inadai mtu aelezwe na aridhie kabla ya kutibiwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya ubora, haki ya kupewa habari, haki ya kulindwa afya yake na haki ya kufidiwa. Kifungu cha 57 kinaitaka dola iwawezeshe wazee kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Kwa maandishi, tumevaa nguo nzuri.

Tatizo ni kwamba sindano hii hupita katikati ya walinzi watatu, na kila mmoja anatazama mlango wake. Baraza linamtazama daktari na kliniki. Bodi inatazama dawa na duka la dawa. Serikali ya kaunti inampa mwenye saluni kibali cha biashara, na afisa wake akifika hukagua choo, maji na risiti. Saluni inayosuka nywele mchana na kudunga mashavu jioni, katika chumba cha nyuma, haimhusu yeyote hadi mtu adhurike. Kibali cha kufungua saluni si kibali cha kutoboa ngozi ya mtu. Mwenye saluni akikitundika ukutani, mteja wa kawaida hawezi kujua tofauti, maana vyote vina nembo na mihuri.

Hatuko peke yetu katika uzembe huu. Huko Uingereza, mwaka 2013, ripoti iliyoandaliwa na Sir Bruce Keogh kwa niaba ya serikali ilionya kwamba mtu anayedungwa sindano ya kujaza ngozi hana ulinzi wa kisheria zaidi ya yule anayenunua kalamu au mswaki. Ilichukua miaka minane kabla sheria ya mwaka 2021 kupiga marufuku sindano hizo za urembo kwa walio chini ya miaka 18 katika England, na mwaka mmoja zaidi kabla Bunge kumpa waziri mamlaka ya kuanzisha mfumo wa leseni. Ikiwa nchi yenye hazina na wataalamu tele ilijikokota hivyo, sisi tuna sababu ya kuanza mapema, huku biashara hii ikiwa bado haijaota mizizi mashinani. Sindano haijafika Kiptere, lakini matangazo yake yamekwisha fika, na yanakaa mkononi mwa bibi anapopumzika.

Nini kifanyike? Kwanza, KMPDC na Bodi ya Dawa na Sumu ziseme kwa kauli moja, na kwa Kiswahili kinachoeleweka, ni nani anayeruhusiwa kudunga dawa ya kujaza ngozi na ni mahali pa namna gani. Kauli hiyo itangazwe redioni, hata katika vituo vya lugha za mama, kwa kuwa ndivyo vinavyosikilizwa mashambani. Pili, kaunti ziandike katika kibali cha kila saluni kwamba hakiruhusu sindano, ili mteja alisome hilo ukutani kwa macho yake. Tatu, kila kliniki inayotoa huduma hii ilazimishwe kuwa na dawa ya kuyeyusha jeli chumbani humo, na kumpa mteja nambari ya simu inayopokelewa usiku na mchana. Anayeshindwa kutimiza hili asipewe ruhusa ya kutimiza yale mengine.

Lakini serikali huenda kwa mwendo wa kinyonga, na koito haingoji. Kwa hivyo mama, sikiliza haya yafuatayo.

Uliza jina la atakayekudunga, kisha umwambie binti yako alitafute katika orodha ya madaktari waliosajiliwa, ambayo Baraza limeiweka wazi. Asiyetaka kutaja jina lake kamili hafai kuushika uso wako. Omba uone pakiti ikifunguliwa mbele yako, usome jina la dawa na tarehe ya kuharibika, na upewe kile kibandiko chenye nambari ya toleo uende nacho nyumbani. Ukiambiwa kwamba dawa ni ya kudumu milele, kataa, maana cha kudumu hakina dawa ya kukiondoa. Uliza, "Mna hayaluronidasi hapa?" Ukiona anababaika, shika mkoba wako uondoke.

Mweleze magonjwa yako yote. Katika umri wako wengi hunywa dawa za shinikizo la damu, za kisukari au za kufanya damu iwe nyepesi, na hizi za mwisho huongeza michubuko. Usiache dawa yoyote kwa amri ya mrembeshaji. Mwulize daktari aliyekuandikia. Ukiwa na jino bovu, litibiwe kwanza na majuma mawili yapite, kwani viini vya mdomoni hupenda kuhamia penye jeli. Na kwa kuwa watu wa kwetu ni wapenzi wa asali, nawe pengine umewahi kurina mizinga, mwambie kama uliwahi kuumwa na nyuki ukavimba mwili mzima au ukakosa pumzi. Sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii ile ile ya hayaluronidasi, na mwili unaochukia kimoja waweza kukichukia kingine.

Usikubali kujazwa kila mkunjo. Mwenye kazi nzuri hutia kidogo, hungoja majuma mawili uvimbe utulie, kisha hutazama kama pana haja ya kuongeza. Bomba moja la sindano hiyo hubeba mililita moja, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Uso wa mtu mzima ukijazwa kupita kiasi haurudi ujanani. Huvimba tu, na wajukuu hushindwa kukutambua. Mbebee picha yako ya miaka kumi au kumi na mitano iliyopita, umwonyeshe kilichopungua ni kipi. Ile mikunjo ya kando ya macho, inayokuja unapocheka, iache. Hiyo hukuibiwa na umri, umeitunza mwenyewe.

Baada ya kudungwa, usipande gari siku hiyo. Lala kwa binti yako angalau usiku mmoja, na kama hali inaruhusu, mbili. Ukisikia maumivu makali yasiyopungua, ukaona mabaka au ngozi ikibadilika rangi, rudi kliniki saa iyo hiyo, hata kama ni usiku. Ukiona giza au macho mawili yakikuonyesha vitu viwili, hiyo ni dharura isiyongoja hata dakika ya kuvaa viatu. Na usipange kudungwa juma la koito yenyewe. Panga mwezi mmoja au zaidi kabla, ili hitilafu ikitokea itengenezwe pasipo wageni mlangoni.

Na ukiamua kutodungwa, hujapoteza kitu. Kofia yenye ukingo mpana shambani, mafuta ya kukinga jua, kuziba pengo la meno, jiko lenye bomba la kutolea moshi, na kuacha tumbaku kwa aitumiaye, vyote hivi huulinda uso bila kuutoboa. Jambo moja tu nakusihi uliepuke kabisa, nalo ni yale mafuta ya kujichubua yanayouzwa sokoni bila maelezo ya maana. Baadhi yake yana zebaki, ambayo huharibu figo. Mwaka 2023, mjini Geneva, mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata yalikubaliana vipodozi vyenye zebaki viondolewe kabisa ifikapo mwaka 2025. Mwaka huo umefika, lakini mafuta hayo hayana desturi ya kusoma mikataba.

Binti naye ana neno lake. Kumpenda mama ni jambo jema, na kutaka apendeze mbele ya wakwe si dhambi. Lakini ni wewe, binti, uliye Nairobi, mwenye uwezo wa kuichunguza kliniki, kuuliza maswali, na kulipia usiku wa kulala karibu na daktari. Ukimpeleka mama kwa sababu bei ilikuwa nafuu na picha za tangazo zilikuwa nzuri, utakuwa umechukua bonasi ya jasho lake ukanunua kamari, na dau ni macho yake.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Wakasema pia tahadhari kabla ya hatari. Serikali zetu, ya kitaifa na ya kaunti, hupenda kujificha nyuma ya ule msemo wa kwanza pindi raia anapodhurika. Sisi wananchi tuzidai zitende kwa mujibu wa ule wa pili. Mama wa Kiptere ameuliza swali lake mapema, kabla hajadungwa, na hilo ni jambo la busara ambalo wengi mijini hawakulifanya. Anastahili kujibiwa na wenye mamlaka, si na mwandishi wa gazeti peke yake.